Dodoso la WHO-5 kwa Kituruki: dhana potofu na ukweli

WHO-5 ni dodoso fupi la ustawi lililotolewa na Shirika la Afya Duniani, kanda ya Ulaya, mwaka 1998. Lina kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka umepumzika, na kuwa na mambo yanayokuvutia katika siku zako. Limetafsiriwa katika lugha nyingi. Toleo la Kituruki limejaribiwa kwa watu wazima na wazee katika huduma ya afya ya msingi, na kazi ya aina hiyo huzungukwa na imani ambazo si za kweli.

Dhana: Tafsiri ikiwa nzuri, dodoso liko tayari.

Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Kwa kawaida mtafsiri wa pili, asiyeona maandishi ya awali, hurudisha matini ya Kituruki katika lugha ya dodoso la awali ili tofauti zionekane. Njia hiyo hunasa maana iliyopotea, lakini haioneshi mgonjwa ameelewa nini. Ndiyo maana watu wachache huketi na mtafiti, wakaeleza kwa maneno yao walivyolielewa kila swali na kwa nini wamechagua jibu hilo. Mzee anayeamshwa na maumivu ya magoti anaweza kuijibu kauli ya usingizi kwa kuyafikiria magoti tu. Mwingine akashindwa kutenganisha majibu ya kuchagua, kama “zaidi ya nusu ya muda” na “chini ya nusu ya muda”. Mambo haya huwezi kuyaona ukiwa ofisini na kamusi, na kwangu mimi hii ndiyo hatua isiyopaswa kurukwa hata fedha zikiwa haba.

Dhana: Alfa ya Cronbach ikiwa juu, dodoso ni sahihi.

Kipimo hicho, kilichopewa jina la Lee Cronbach aliyekieleza mwaka 1951, huonesha kama majibu ya maswali yanakwenda pamoja. Maswali matano yanaweza kupatana kabisa huku yote yakipima kitu kingine. Kwa hiyo watafiti hulinganisha alama na madodoso mengine ya afya ya akili na ya ubora wa maisha, huangalia kama wenye sonona wanapata alama za chini kuliko wasio nayo, na huchunguza kama swali moja linajibiwa tofauti na wanawake na wanaume, vijana na wazee, ingawa ustawi wao uko sawa.

Dhana: Alama za chini maana yake ni sonona.

Kila kauli hupewa alama 0 hadi 5. Jumla huzidishwa kwa 4, hivyo kiwango cha juu ni 100. Kwa kawaida mtu aliyepata 50 au chini huhitaji kuangaliwa zaidi. Hakuna kauli hata moja inayouliza kuhusu huzuni, wala dodoso halitoi utambuzi wa ugonjwa. Tena mpaka huo wa 50 haufai kuchukuliwa tu ulivyo. Unapaswa kupimwa kwa kulinganishwa na mahojiano ya kitabibu ya wagonjwa wa mahali husika. Kwetu pia toleo la Kiswahili lilijaribiwa Kilifi, kwa watu wanaoishi na VVU na wenye kifafa, wala halikuchukuliwa kwa kuaminiwa tu.

Dhana: Msemaji wa Kituruki ni yule yule popote.

Mkataba wa kupeleka wafanyakazi wa Uturuki nchini Ujerumani ulitiwa saini mwaka 1961, na leo wajukuu wa wahamiaji wale wanazungumza Kituruki kilichokaa jirani na Kijerumani. Ushahidi uliopatikana katika kituo cha afya cha Uturuki hauwahusu moja kwa moja.

Dhana: Daktari wa familia hana muda wa dodoso.

WHO-5 hujazwa kwa dakika chache tu mtu akisubiri zamu yake. Penye ugumu ni kwa asiyejua kusoma. Muuguzi akimsomea, huenda akajibu kwa uchangamfu zaidi kwa sababu ya heshima au haya, kwa hiyo njia hiyo ya kusomewa nayo inahitaji kujaribiwa peke yake.