Wakili wa Majimbo Mengi Marekani: Yanayosemwa na Yalivyo

"Ukishakuwa wakili Marekani, unasimama mahakama yoyote." Nasikia hili mara nyingi, hasa kwa ndugu zetu waliotoka Kenya, ambako wakili wa Nairobi husimama Mombasa au Kisumu bila kuomba kibali kipya. Marekani sivyo. Hakuna leseni ya uwakili ya taifa zima. Kila jimbo lina yake. Mwenye ofisi Georgia na Tennessee sharti awe na leseni zote mbili, au awe na mwenzake mwenye ile asiyokuwa nayo.

Wengine wanadhani basi ni mtihani mpya kila jimbo. Si lazima. Tangu 2011 upo mtihani wa pamoja wenye alama 400, na majimbo mengi huyakubali matokeo yake, ila kila jimbo lina kiwango chake: New York 266, Texas 270. Aliyepata 268 anapokelewa New York, Texas anakwama. Wakili mzoefu naye huweza kupokelewa bila mtihani katika majimbo mengi. Florida haina mlango huo.

Dhana inayoumiza zaidi ni hii: siku hizi kuna simu na barua pepe, mipaka imekwisha. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya California iliamua kesi ya Birbrower, kampuni ya mawakili ya New York iliyokuwa ikidai ada ya zaidi ya dola milioni 1. Mawakili wake walisafiri hadi California kumhudumia mteja bila leseni ya huko. Ada ya kazi waliyoifanya California wakaikosa. Mahakama ilisema pia kwamba hata asiyekanyaga California anaweza kuvunja sheria kwa kumshauri mteja wa huko kwa simu au kompyuta.

"Mbona wakili wangu wa uhamiaji yuko jimbo lingine?" Hapo hakuna kosa. Uhamiaji ni sheria ya serikali kuu, na leseni hai ya jimbo moja inamtosha kusimama mbele ya jaji wa uhamiaji popote nchini. Lakini mteja huyohuyo akikamatwa akiendesha gari amelewa, au akitaka talaka, mambo hayo ni ya jimbo. Atafutiwe wakili wa hapo, au wa nje aombe ruhusa ya mahakama kwa kesi hiyo moja tu. Nawasihi mliulize hili kabla ya kulipa, kwa sababu hukumu ya jinai inaweza kuharibu kesi ya uhamiaji.

Na asidhani mtu kwamba wakili aliyefutiwa leseni jimbo moja hukimbilia la pili. Kwa kawaida adhabu humfuata.

Chukua barua ya ofisi ya wakili wako. Chini ya majina, mara nyingi kwa herufi ndogo, utakuta nani ana leseni ya wapi. Kisha liingize jina lake kwenye orodha ya mawakili ya jimbo lako. Iko kwenye mtandao, haina malipo.