Dabo legi ni hatua, siyo kujirusha

Siku hizi dabo legi, ile mbinu ya mieleka ya kumwangusha mtu, imekuwa jina la kila kitu. Mtu akimkumbatia mwenzake kiunoni wakaanguka wote, dabo legi. Akimkata ngwala, dabo legi. Na linaloniuma zaidi ni hili la kijana kuinamisha kichwa, kutoka mbio kutoka mbali na kujirusha mwili mzima kwenye tumbo la mtu, halafu chini ya klipu watu wanaandika dabo legi safi sana hiyo. Hapana jamani. Kuna vijana wanakuja mazoezini wakiwa wamejifunza kwenye klipu hizohizo, siku ya kwanza tu wanaingia na utosi mbele, na shingo mtu anayo moja.

Maana yake kwa haraka. Dabo legi ni namna ya kumwangusha mtu aliyesimama kwa kushambulia miguu yake yote miwili kwa pamoja: unaingia chini ya mikono yake, bega lako linakaa kwenye nyonga au juu ya mapaja, mikono inafunga nyuma ya magoti, unampeleka chini na wewe unabaki juu. Ukishika mguu mmoja hiyo ni singo legi, ukitumia mguu wako kumkwatua hiyo ni ngwala, ukimzungushia mikono kiunoni umemkumbatia tu, ni mbinu nzuri pia lakini ina njia yake. Kwenye mieleka ya frii staili dabo legi inakupa pointi 2, na ukimtua moja kwa moja, mgongo wake ukaelekea mkeka, zinakuwa 4. Kwenye Greco-Roman, ule mtindo mwingine wa mieleka, haipo kabisa kwa sababu ni marufuku kushika chini ya kiuno. Wacheza judo wanaijua kama morote gari, ila tangu 2010 shirikisho lao la dunia lilianza kukataza kushika miguu na 2013 wakafunga mlango kabisa, ndiyo maana unaweza kukutana na mkanda mweusi wa judo, kijana bado, ambaye hajawahi kuitumia kwenye mashindano hata mara moja. Jiujitsu nao, kwa sheria za IBJJF, shirikisho lao kubwa, wanatoa pointi 2 ukimwangusha na kumdhibiti sekunde 3. Haya, maana ni hiyo, twende kwenye kinachochanganya watu.

Kile mnachokiona kwenye klipu nyingi kinaitwa spia. Tuliokua tukiangalia mieleka ya kwenye TV tunaijua vizuri, Goldberg alikuwa anaipiga, Edge pia, na Roman Reigns mpaka leo. Inapendeza macho, mtu anakimbia, anaruka, anamgonga mwenzake tumboni na wote wanakwenda chini. Lakini pale anayegongwa anashiriki, amesimama wima, hajakaa mkao wa kupigana, na anajua kitu kinakuja. Mtu ambaye hataki kuanguka hafanyi hivyo. Yeye ameshusha nyonga, mikono iko mbele, na akiona umeruka anarudisha miguu nyuma tu, anakushushia kifua mgongoni, na wewe ambaye miguu yako iko hewani huna pa kusukumia. Umelala kifudifudi, uzito wote wa mtu uko kwenye shingo yako, na kama anajua gilotini, ile kaba ya shingo ya kutokea mbele, kazi yake imebaki kufunga mikono tu.

Na suala la utosi siyo la mtindo. Futiboli ya Kimarekani walikuwa nalo hili tatizo, wachezaji walikuwa wanavamia wenzao kwa kutanguliza kofia, wakaliita jina hilohilo la spia, wakaona vijana wanavunjika shingo na kupooza, ikabidi wapige marufuku mwaka 1976. Sababu yenyewe inaeleweka ukiifikiria kidogo: shingo ikiwa imenyooka kawaida ina mkunjo wake unaosaidia kupokea mgongano, lakini ukiinamisha kichwa kidevu kikaelekea kifuani pingili zinapangana mstari mmoja, na nguvu ikija kwa juu inashuka moja kwa moja kwenye mifupa, misuli haina nafasi ya kusaidia. Wale walikuwa wamevaa helmeti. Wewe umevaa rashigadi, ile fulana ya kubana, na kaptura.

Sasa dabo legi yenyewe inaanzaje. Inaanza kwa kushuka, na kushuka ni magoti, siyo kiuno. Mtazame mpagazi pale sokoni anapoingia chini ya gunia, hainami mgongo, anakunja magoti mpaka bega lifike chini ya mzigo, mgongo umenyooka na macho yako mbele, ndipo anaondoka nalo. Ukiinama kiunoni umeshusha kichwa lakini nyonga zimebaki juu, na nyonga ndiyo injini. Kwa hiyo kwanza shuka, ukiwa umbali ambao ukinyoosha mkono unamgusa. Kama humgusi, uko mbali, usiende. Hii peke yake ingeondoa nusu ya spia zote ninazoziona.

Ukishashuka ndiyo inakuja hatua, na hii hatua ndiyo dabo legi, vingine vyote ni kumalizia. Mguu wa mbele unaingia katikati ya miguu yake, siyo unafika mbele yake, unaingia kabisa mpaka nyonga zako ziko chini ya zake. Goti linaweza kugusa mkeka halafu likateleza kuendelea mbele, au lisiguse kabisa, zote ni sahihi. Wakati huohuo kichwa kinakwenda pembeni, sikio lako linabana mbavu zake, macho unaangalia juu, na mguu wa nyuma haubaki nyuma, unakuja haraka kukanyaga upande wa nje. Hapo wengi ndipo wanapokwama, wameingia vizuri, wamefunga magoti, halafu wanapiga magoti yote mawili na kuvuta kwa mikono kama wanaomba msamaha. Mikono haimwangushi mtu. Unakanyaga, unasukuma kwa kichwa kwenda pembeni na unakata kona, yaani mikono imeziba njia ya miguu yake upande mmoja na kichwa kinamsukuma kwenda upande huohuo, hana mguu wa kujiokoa nao, anakwenda chini hata kama ana kilo nyingi kukuzidi. Ukisukuma mbele moja kwa moja anarudi nyuma kwa hatua zake na anakufuata kwa uzito. Ukikata kona anakosa hatua.

Najua mtu atasema, mbona Jordan Burroughs, yule mwanamieleka wa Marekani, analipuka kwenda mbele moja kwa moja na anashinda. Ni kweli, na Burroughs ndiye mtu wa kuangalia kama unaipenda hii mbinu, dhahabu ya Olimpiki London 2012 kilo 74, ubingwa wa dunia mara 6 kati ya 2011 na 2022, na dabo yake ya mlipuko kila mpinzani alikuwa anaijua kabla ya kuingia mkekani. Ila iangalie kwa mwendo wa polepole. Kabla ya mlipuko kuna mikono, anagusa kichwa, anasukuma paji la uso, anavuta mkono, anasubiri mwenzake asogeze mguu au ainue kifua. Halafu anashuka kidogo sana, haraka sana, na miguu yake inaendelea kukanyaga mkeka mpaka mwisho, anakimbia kupita ndani ya mtu. Miguu haijawahi kuwa hewani. Watu wanaona kasi wanadhani ni kujirusha.

Na bila hayo maandalizi ya mikono hata mtaalamu anaumia. Ben Askren alikuwa bingwa wa NCAA, yaani mashindano ya vyuo vya Marekani, mara 2, mieleka anaijua toka utotoni, lakini Julai 2019 kwenye UFC 239, yale mapambano ya kuchanganya ngumi, mateke na mieleka, alishusha kichwa kumwingia Jorge Masvidal kutoka mbali, hajamgusa, hajamdanganya kwa chochote, Masvidal akaruka na goti likamkuta, pambano limeisha sekunde 5. Upande wa pili uko mfano wa Georges St-Pierre, yule Mkanada aliyetokea kwenye karate, mieleka ya chuo hajacheza, na bado Agosti 2007 kwenye UFC 74 alimwangusha Josh Koscheck ambaye alikuwa bingwa wa NCAA wa 2001. Alifanyaje? Dabo yake ilikuwa inajificha nyuma ya ngumi. Unaona bega lake limeanza kama jebu, ile ngumi ya mkono wa mbele, mikono yako inapanda kujikinga, na yeye ameshafika kwenye nyonga. Ni taimingi na ile hatua tu.

Niseme na ndugu zangu wa raga, maana Kenya hasa wanakuja wengi wakiwa na miguu mizuri na ujasiri, na nawapenda kwa hilo. Raga inakufundisha kumkaba mtu anayekimbia, na kasi yake yeye ndiyo inakusaidia kumwangusha, bega likigusa na mikono ikifunga sheria ya fizikia inafanya kazi iliyobaki. Mkekani mtu hakimbii. Amesimama anakusubiri, hana kasi ya kukuazima. Lile bega lenu ni dhahabu, na raga iliyofundishwa vizuri nayo inaweka kichwa pembeni, kwa hiyo mnachotakiwa kuongeza ni kushuka mkiwa karibu na ule mguu unaoingia katikati.

Halafu kuna hili la pumzi, na linaungana na hilohilo. Mtu akijirusha mara tatu zikakataliwa, dakika ya pili amekufa, mdomo wazi, na anachosema ni sina stamina, naanza kukimbia kilomita 10 kila asubuhi. Sikatai kukimbia. Lakini angalia kilichomchosha. Kila spia iliyoshindikana imemweka chini ya uzito wa mtu mzima, ameshika miguu kwa vidole, ameunyanyua ule uzito kwa mgongo ili asimame, halafu amerudia. Dabo iliyoingia vizuri inachukua kama sekunde mbili na inaishia wewe ukiwa juu unapumua. Iliyoingia vibaya inaweza kukula sekunde 30 za kubanwa. Hakuna mbio za asubuhi zinazolipa deni hilo, kwa hiyo rekebisha hatua kwanza, utashangaa pumzi ilivyoongezeka yenyewe.

Pumzi ya kujenga ipo pia, na ina umbo lake. Pambano la frii staili ni raundi 2 za dakika 3 na mapumziko ya sekunde 30 katikati, na ndani yake ni milipuko mifupi imetenganishwa na kusukumana. Mlipuko wa sekunde chache unatumia nishati ya haraka iliyoko kwenye misuli, ile inaisha mapema sana, na kinachoijaza tena ni mfumo wa hewa, moyo na mapafu. Ndiyo maana zile mbio za polepole zina kazi, zinakusaidia upone kati ya shambulio moja na jingine, lakini hazikufundishi kushambulia. Kushambulia kunajengwa kwa kushambulia: sekunde 15 au 20 za kuingia kwa nguvu kwa mwenzako anayekataa kidogo, umnyanyue au umkate kona kila mara, halafu pumzika mara mbili au tatu ya muda huo, rudia mpaka uone umbo la hatua linaanza kuharibika, hapo simama. Ukiendelea ukiwa umeharibika unaufundisha mwili spia.

Kwa sababu hiyohiyo drili ya hatua inafanywa mwanzo wa mazoezi ukiwa mbichi, chache na safi, siyo mia moja mwishoni kama adhabu, nawaomba makocha mliangalie hili. Baadaye mkichoka fanyeni ile ya kuanzia katikati: mmoja ameshafunga miguu, mwingine ameshamshushia uzito, kocha anapiga filimbi na kila mtu anatafuta njia yake. Hiyo ndiyo pumzi ya pambano. Na miguu ijengwe kwa skwati, kwa lanji za kushuka chini kabisa, kwa kumbeba mwenzako mabegani kutoka ukuta huu mpaka ule, shingo nayo ipewe siku yake maana inafanya kazi kwenye kila dabo. Goti tafadhali lisigongwe kwenye sakafu ya saruji. Sehemu nyingi tunafanya mazoezi kwenye mikeka myembamba, na goti linalopigwa kila siku pale mbele linavimba maji na linakuwa la moto ukiligusa, utakaa nje wiki nyingi. Vaa kinga ya goti, au fanya ile dabo ya juu isiyogusa chini, na ukiweka goti liteleze, lisidondoke.

Kwa hiyo ukiona klipu nyingine ya mtu ameruka na utosi, iite spia, siyo tusi, ndilo jina lake. Na kama aliyeruka ni kijana wa jimu yako, usimcheke, mvute pembeni umwonyeshe sikio linakaa wapi, mwambie asogee mpaka amguse mtu kwanza, ashuke kwa magoti, halafu aweke mguu katikati. Mwache arudie polepole na mtu asiyemkatalia mpaka mguu wa nyuma uanze kuja wenyewe.