Injinia mitambo sio fundi gari jamani

Kila msimu wa kuomba vyuo nasikia lile lile: "Dogo anapenda magari balaa, si asome uhandisi mitambo?" Na ndugu nao, gari likigoma tu mimi ndo napigiwa simu. Kwenye kushusha giaboksi fundi wa gereji ananiacha mbali sana, kakulia chini ya magari yule. Magari ni kipande kidogo tu, kuna boila na tabaini za viwanda vya sukari, vyumba vya baridi vya samaki, lifti, kompresa, mabomba ya gesi, na pampu, na kwenye pampu ndo huwa nachoka kabisa.

Mtu kachimba kisima, maji yapo mita 15 chini, kanunua pampu ya kawaida ya kukaa juu, haivuti. Dukani wanamwambia achukue ya hospawa kubwa zaidi, anachukua, haivuti vilevile, ndo ananiuliza aongeze tena. Bosi wangu, pampu haivuti maji! Inapunguza presha ndani ya bomba basi, kinachoyapandisha maji ni hewa ya nje inayoyakandamiza kule kisimani, na hewa hiyo usawa wa bahari haifikishi maji zaidi ya mita 10 na kidogo hata pampu iwe ya dhahabu. Toa msuguano wa bomba na mengineyo unabaki na 7 hivi, na kule juu Mbeya inapungua tena maana hewa yake nyepesi. Ya mita 15 unazamisha pampu kisimani isukume kutokea chini, yenye hospawa ndogo tu, na hela ya zile mbili ungekuwa umebaki nayo. Kazi ya injinia ni kuijua hesabu hiyo kabla hujaenda dukani. Kwa hiyo mimi dogo simuulizi kuhusu magari, namuuliza fizikia na hesabu anazipenda? Thamodainamiksi, yaani somo la joto na nishati, haina spana.

"Ukimaliza digrii tayari injinia." Bado. Tanzania ni miaka 4 ya chuo, halafu unajisajili ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kama mhitimu, unafanya kazi chini ya wakubwa zako, ule mpango wa mafunzo kazini unaoitwa SEAP ni miaka 3, ndo uombe usajili wa mhandisi mtaalamu.

"Sio kazi ya mwanamke." Vyuma vizito vinanyanyuliwa na winchi, sio mgongo wa injinia. Tuendelee.

"Siku hizi kompyuta inachora yenyewe." Inachora ulichoiambia, ukiiambia ujinga inakutolea ujinga wenye vipimo safi kabisa. Jifunze kuchora kwa mkono kwanza, hapo sibishani na mtu. Na kwenye mafunzo kwa vitendo msikae ofisini kusubiri muhuri, nendeni kwa mafundi mkaulize mbona beringi ya pampu ile ile inakufa kila mara, mtakuta mara nyingi mota na pampu hazijanyooka mstari mmoja na watu wananunua beringi tu.