Binti wa miaka 7 amewapita wenzake kwa urefu, nifurahi au niogope?

SWALI: Binti yangu ana miaka 7, matiti yameanza kuota na sasa hivi ndo mrefu kuliko wote darasani, mama mkwe anasema nishukuru Mungu. Ni kweli?

JIBU: Dada angu, mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hii hii. Balehe ikianza kabla ya miaka 8 kwa binti (kwa mvulana ni 9) hiyo ni mapema mno, na huo urefu unaouona anaweza kuja kuulipia. Iko hivi, chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, inamwaga homoni ya ukuaji hasa usiku mtoto akiwa usingizi mzito, ile homoni ikifika kwenye ini, ini nalo linatoa ya kwake inaitwa IGF-1, inasambaa na damu, kwaiyo mifupa, moyo, figo vyote vinapata ujumbe uleule ndo maana vinakua kwa pamoja. Urefu wenyewe unatengenezwa kwenye gegedu laini karibu na ncha za mifupa. Balehe ikifika, estrojeni (homoni ya kike) inamrefusha mtoto haraka alafu hiyohiyo inakuja kuigeuza ile gegedu kuwa mfupa, na pakishafunga ndo basi, wenzake watamkuta na kumpita.

Daktari atampiga eksirei ya mkono wa kushoto aone umri wa mifupa, na ikibidi zipo sindano za kuisimamisha balehe kwa muda.

SWALI: Wavulana je, si hawana estrojeni?

JIBU: Wanayo! Sehemu ya testosteroni (homoni ya kiume) inageuzwa kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari Marekani walimwelezea mwanaume wa miaka 28, sentimita 204 na bado anarefuka, kwa sababu mwili wake ulikuwa hauisikii kabisa estrojeni.

SWALI: Wangu ni mfupi, nimnunulie dawa za urefu za mtandaoni?

JIBU: Hapana, nakuomba. Msimamishe ukutani bila viatu, visigino viguse ukuta, weka kitabu kigumu kichwani, chora mstari kwa penseli na uandike tarehe. Rudia baada ya mwaka. Kuanzia miaka 4 mpaka kabla ya balehe mtoto huongeza kama sentimita 5 au 6, akipata chini ya 4 nenda hospitali. Mlishe ashibe maana njaa inaishusha IGF-1, na chumvi ya nyumbani iwe yenye madini joto, bila hayo tezi ya shingoni haiwezi kutengeneza homoni yake, nayo mtoto anaihitaji ili akue.