Eti hela ukiifungia benki huipati tena mpaka muda uishe?

Hapa Kigoma, hasa kwa wanaouza dagaa pale Kibirizi, wengi wanaamini ukiweka hela kwenye akaunti ya muda maalumu huwezi kuigusa hata mtoto akiumwa, kwa hiyo wanaiacha kwenye simu, na ya kwenye simu inaisha kwenye vitu vidogovidogo kabla mbalamwezi haijapita, zile siku boti hazitoki maana taa hazivuti dagaa. Woga huo unaeleweka kabisa.

Ila kwa kawaida benki inakuruhusu kuvunja kabla ya muda, unachopoteza ni riba, yote au sehemu, na wengine wanakata ada. Na si lazima ufungie zote jamani, kuna akaunti ya akiba isiyo na kadi, au unaomba kiwango cha kutoa kwa siku kishushwe, mi naona hii inasaidia sana kwa sababu hamu ya kitenge ya saa mbili usiku asubuhi mara nyingi imeshapoa.

Masharti yanatofautiana, so kabla hujasaini omba fomu, tafuta panapoelezea kuvunja mapema, halafu muulize mhudumu, nikiweka laki tano nikaivunja baada ya miezi miwili napokea shingapi mkononi? Mwambie akuandikie.