Freti ya sita na nusu ni nini?

Ukimsikia mpiga dalsima akimwambia mwanafunzi wake "bonyeza sita na nusu", usidhani anatania. Freti ni kipande cha waya kilicholazwa chini ya uzi; ukibonyeza uzi hapo, sauti inapanda. Na yenye namba hiyo ipo na inaonekana kwa macho. Ni kama kiraka: chombo kilipigwa miaka na miaka bila hiyo, kisha watu wakaipachika, na kwa kuwa hawakutaka kuhesabu upya wakaipa nusu.

Kwanza chombo chenyewe. Dalsima ninayoisema hapa ni ile ya milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani: Kentucky, Virginia, West Virginia, North Carolina. (Ipo nyingine yenye jina hilohilo, ina nyuzi chungu nzima na hugongwa kwa vijiti. Hiyo tuiache, wanagongana jina tu.) Ni sanduku jembamba la mbao, mara nyingi lenye kiuno kama namba nane, na mpigaji hulilaza mapajani. Juu yake kunapita ubao ulioinuka, kutoka kichwani hadi mkiani, na nyuzi tatu au nne zimetandikwa juu ya ubao huo. Aliyeitoa milimani ikajulikana mijini ni hasa Jean Ritchie, mzaliwa wa Viper, Kentucky, mwaka 1922, aliyehamia New York na kuimba nayo huko.

Sasa freti. Anayejua gitaa anajua kwamba kila freti inapandisha sauti kwa nusu toni (hatua moja ya kinanda, ukihesabu vyeupe na vyeusi), na freti 12 zinakufikisha kwenye sauti ileile kwa juu, yaani oktava. Dalsima ina saba tu kwa safari hiyohiyo. Chukua kinanda, ng'oa vibonye vyote vyeusi, ubaki na vyeupe: hiyo ndiyo dalsima ya asili. Ndiyo maana freti zake zinaonekana kama zimepangwa na mtu aliyelewa. Kwenye uzi wa sentimita 70, ya kwanza iko kama sentimita 7.6 kutoka kichwani, ya pili inafuata baada ya 6.8, halafu ya tatu inakuja ghafla baada ya 3.1. Pale penye nafasi pana kuna toni nzima, pale palipobana ni nusu.

Kwa wazee wa milimani huo haukuwa upungufu hata kidogo. Walipiga wimbo kwenye uzi mmoja, ule ulio karibu na tumbo la mpigaji, na nyingine ziliachwa zivume sauti moja mwanzo hadi mwisho. Uzi wa wimbo haukubonyezwa kwa kidole bali kwa kijiti cha mbao au mwanzi kilichosukumwa mbele na nyuma, na mkono wa pili ukacharaza kwa unyoya wa bata bukini. Kwenye dalsima nyingi za zamani freti zenyewe zilikuwa vipande vya waya vilivyopita chini ya uzi huo mmoja tu. Uzuri wa mpango huu ni kwamba ni vigumu kukosea: sauti zisizo za wimbo hazipo, utaziguza wapi?

Wakati huo nyuzi zilifungwa zaidi kwa D-A-A (herufi ni majina ya sauti za nyuzi, na ya mwisho ni ya uzi wa wimbo). Ukianzia freti ya tatu ukapanda hadi ya kumi, unapata do, re, mi, fa, so, la, si, do, safi kabisa. Ukitaka wimbo wa huzuni, unakaza au unalegeza uzi wa wimbo, na "do" inahamia freti nyingine.

Mambo yakabadilika wapigaji walipoanza kubonyeza nyuzi zote kwa vidole, ili watoe sauti mbili tatu zinazopatana. Hapo D-A-D ikawatamanisha zaidi, kwa sababu "do" inaanza kwenye uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, na vidole vinapata nafasi. Lakini jaribu kupanda ngazi. Mtupu, moja, mbili, tatu, nne, tano: do, re, mi, fa, so, la. Vizuri. Freti ya sita? "Si" inatoka imezama nusu toni. Ukiwa kwenye D unataka C iliyopandishwa, chombo kinakupa C ya kawaida. Zipo nyimbo za kale zinazoitaka hiyo C, na ndani ya hizo ni tamu mno. Ila kwa nyimbo nyingi za kanisani na za sikukuu, msikilizaji atakukunjia uso.

Dawa ikawa kupachika freti moja zaidi kati ya sita na saba. Kwa nini isiitwe saba? Kwa sababu nyimbo za dalsima huandikwa kwa namba za freti. Ukiipa jina la saba, kila karatasi iliyoandikwa kabla inaharibika. Leo dalsima nyingi mpya huja nayo tayari, pamoja na pacha wake wa oktava ya juu, 13½.

Kisha ikaja 1½, na pacha wake 8½. Hii inakupa, ndani ya D-A-D, ile "mi" iliyoshushwa ambayo muziki wa bluzi hauwezi kuishi bila hiyo. Wengine hawakuishia hapo, wakaweka freti zote 12. Kwa maoni yangu, hapo umeshatengeneza gitaa la kulaza mapajani. Na hata 6½ ina gharama yake: anayetumia kijiti, kila akiteleza kutoka sita kwenda saba, anakwaruza sauti ambayo hakuiita.

Wapo wanaokataa kuongeza freti na bado wanazipata sauti hizo. Wanabonyeza freti ya kwanza kwa nguvu, kisha wanausukuma uzi kando mpaka upande nusu toni. Wengine wanabana kishikio (kapo) kinachobonyeza nyuzi zote kwa pamoja: kwenye D-A-D isiyo na nyongeza, kibane freti ya tatu na ngazi kamili ya do inaanzia hapo, katika G, bila kugusa vifungio. Kidole gumba cha kushoto, ambacho kwenye gitaa kwa kawaida hujificha nyuma ya shingo, hapa kinabonyeza kama vingine. Na ukiugusa uzi kidogo tu, bila kuubonyeza, juu ya freti ya saba, ya nne au ya tatu, unapata mlio kama wa kengele, kwa sababu umeugawa uzi mara mbili, tatu au nne.

Wapenzi wa taarab watakumbuka chombo cha nyuzi kiitwacho kanuni, ambacho hakina freti lakini kina vibati vidogo chini ya nyuzi vya kupandisha na kushusha sauti. Tatizo ni lilelile.

Ukikutana na dalsima na unataka kujua ni ya aina gani, tafuta freti iliyo katikati kabisa ya uzi, kati ya kichwa na daraja (kijibao kinachoinua nyuzi upande wa mkiani). Hiyo ni ya saba. Tazama iliyo nyuma yake, upande wa kichwani: ikiwa iko umbali wa kama sentimita 2, hiyo ndiyo sita na nusu. Ikiwa ni sentimita 4 na ushei, fundi hakuiweka. Basi hiyo ifunge D-A-A.