Leteni Bajeti Mezani: Uraia Chuoni Hufunzwa kwa Kazi Halisi

Wanafunzi wapya wanaporipoti chuoni, ratiba ya wiki yao ya kwanza huwa na kipindi kimoja cha uongozi na uraia mwema. Afisa husimama ukumbini, akazisoma kanuni za nidhamu, akaitaja Katiba ya 2010, kisha watu wakarudi kwenye foleni ya vitambulisho. Nafundisha utawala wa umma katika chuo kikuu hapa Pwani ya Kenya, na nimekaa kwenye kamati za masuala ya wanafunzi kwa miaka mingi. Msimamo wangu ni huu: mwanafunzi hukomaa kiraia anapokabidhiwa uamuzi wenye pesa ndani yake, akapewa makaratasi ya kuuelewa, na akajua wapo watu atakaowajibika kwao. Mengine yote ni nyongeza.

Wanafunzi wenyewe walilidai jambo hili zamani. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa Mkenya, Symonds Akivaga. Kukatoka barua ya wazi iliyolalamikia namna uongozi ulivyokuwa ukiamua mambo bila kuwashirikisha wanafunzi. Akivaga akafukuzwa na kurudishwa Kenya, na wenzake wakasusia masomo. Kwetu Nairobi, Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi SONU, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, akafia gerezani mwaka 1988. Nawataja wawili hawa kwa sababu hofu ya enzi zile haijatoka maofisini. Mpaka leo mwanafunzi akiomba kuona hesabu, wapo wanaodhani anatafuta ghasia.

Kisha likaja badiliko la 2016. Marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu yaliondoa uchaguzi wa moja kwa moja wa viongozi wa wanafunzi. Sasa wanafunzi wa kila idara au kitivo huchagua wawakilishi watatu, wasiwe wote wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio huchagua baraza la wanafunzi. Sababu zilizotolewa zinaeleweka: kampeni zilikuwa zimejaa pesa za wanasiasa wa nje na vurugu zilikuwa zinafunga vyuo. Lakini bei yake tumeilipa. Mgombea aliyelazimika kuomba kura hosteli kwa hosteli, akaulizwa maswali ya maji na usalama usiku kucha, sasa anatafuta wajumbe wachache, na wajumbe wachache ni rahisi kuwafungia mahali usiku wa kuamkia uchaguzi. Komredi, yaani mwanafunzi wa kawaida, anaweza kumaliza miaka minne bila kumpigia kura mtu yeyote anayeketi kwenye baraza lake. Ningefurahi Bunge lirudishe kura ya moja kwa moja. Hata hivyo, hakuna sheria inayokizuia chuo kumtaka kila mjumbe aitishe mkutano wa darasa lake kabla na baada ya kupiga kura, aeleze anamuunga mkono nani na kwa nini.

Kinachoniuma zaidi ni yanayotokea baada ya uchaguzi. Baraza hukaa mwaka mmoja. Ukitoa mitihani na likizo, viongozi wanabaki na miezi michache, na wakishajua ni ofisi ipi inatia sahihi wapi, muda wao umekwisha. Wanaokuja huanza upya kwa sababu kumbukumbu za vikao ziliondoka kwenye simu ya katibu. Chuo kikitaka kusaidia, kiajiri karani mmoja wa baraza, kitoe kabati la faili, na kiwapangie viongozi wapya na wa zamani wiki mbili za kukaa pamoja.

Halafu kuna vikao vya kamati. Chukua pendekezo la kupandisha bei ya chakula kwenye kantini. Kwa kawaida mwakilishi wa wanafunzi hupewa pendekezo mlangoni, dakika chache kabla ya kikao. Hapo ana njia mbili tu: akubali kimya, au atoke nje aitishe mgomo. Mpe makaratasi wiki moja kabla, yenye bei ya unga, kuni, mishahara ya vibarua na idadi ya sahani zinazouzwa, uone. Nilimshuhudia mwakilishi wa mwaka wa pili, msichana anayesomea kilimo, akiweka kidole kwenye ukurasa wa tatu wa jedwali na kuuliza: "Gharama ya gesi imebaki ile ile, na jiko la gesi limeharibika tangu muhula uliopita. Hiyo gesi inapikia wapi?" Kikao kilinyamaza. Pendekezo likarudishwa, likaja na nyongeza ndogo zaidi, naye ndiye aliyeizungukia hosteli kueleza kwa nini hiyo ndogo haikwepeki. Alizomewa kidogo, akajibu kwa tarakimu, wakamsikiliza. Sijui kozi yoyote ningeweza kumfundisha darasani ikampa kile alichokipata wiki ile.

Nje ya lango la chuo kuna darasa jingine, nalo ni bajeti ya kaunti. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi na wananchi washirikishwe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe: mpango wa maendeleo wa mwaka uwe umefika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Tazama kalenda hiyo kwa jicho la mhadhiri. Muhula wa Januari hadi Aprili unapita katikati ya tarehe mbili kubwa kuliko zote! Wagawe wanafunzi kwa wadi. Kila kikundi kichague mradi mmoja ulioandikwa kwenye mpango, labda zahanati au darasa la chekechea, kiende kuutazama kwa macho, kizungumze na wazazi na mwakilishi wadi, kisha kiandike maoni ya kurasa mbili na kuyapeleka kwenye kikao cha umma. Mara nyingi watakuta msingi uliojengwa na kuachwa, na mradi ule ule ukiombewa pesa tena.

Kazi hii lazima iwe na alama. Ukiiacha iwe ya hiari, watakuja wale wale waliokwisha kuamua kuwa wanasiasa. Anayeendesha bodaboda jioni ili alipe karo hatakuja, na sauti yake ndiyo tunayoihitaji zaidi kwenye kikao cha bajeti.

Mwezi Juni 2024 vijana walituonyesha uwezo wao. Waliuchambua Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video fupi. Juni 25 waandamanaji waliingia Bunge na watu wakauawa. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Wengi waliojifunza kuusoma mswada ule walijifunzia kwenye simu zao, mbali na kumbi zetu za mihadhara. Hilo lituamshe sisi walimu. Vilevile vyuo viseme wazi kwamba haki ya kuandamana kwa amani iliyo katika Kifungu cha 37 haikomi langoni, na kiongozi anayeshtakiwa kwa maneno yake asikilizwe na jopo lenye wanafunzi wenzake.

Kwa mhadhiri mwenzangu anayetaka kuanza Januari: utafute mpango wa maendeleo wa kaunti yako sasa hivi. Usipoupata kwenye tovuti, andika barua kwa idara ya fedha ukiitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Afadhali barua hiyo iandikwe na wanafunzi, nawe uitolee alama.